Dola Ni Mtani Wetu

Nchi ninayowasimulia msiitafute kwenye ramani. Ramani zetu huchorwa na Wizara ya Habari, na humo mtaona hospitali katikati ya ziwa na barabara za lami ambazo hata mbuzi hawazijui. Wala msijaribu kuifananisha na nchi yoyote mnayoishi. Mkiifananisha, mmeanza wenyewe, mimi simo.

Naitwa Mshamu. Nilikuwa mwita kesi wa Mahakama Kuu, yule anayesimama mlangoni na kupaza sauti ili wenye mashauri waingie. Sauti ninayo, uzalendo ninao. Kwa hiyo haya nitakayosema si ya mchochezi. Ni ya mtu aliyekula ugali wa Serikali akashiba, akaomba na ukoko.

Kisa kinamhusu Wakili Mwantumu Likwata, mwanamke mfupi, mkaidi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma sheria akafaulu kuliko wenzake wote, na watu wenye akili zao wakangoja atetee mabenki na wenye migodi, ajenge ghorofa, anenepe, awe mtu. Lo! Yeye akaenda kutetea haki za raia. Katika nchi yetu hiyo ni kazi sawa na kuwauzia samaki miavuli.

Shauri lake la kwanza lilikuwa la Bi. Somoe, muuza vitumbua. Siku moja moshi wa jiko lake ulielekea upande uliokuwa unapita msafara wa Mtukufu Mlezi. Mtukufu Mlezi ndiye mkuu wa nchi; neno rais aliliona dogo, linambana kwapani. Basi mgambo wakashuka, wakauadhibu moshi, na kwa kuwa moshi haushikiki, wakauvunja mkono wa Bi. Somoe.

Wakili Mkuu wa Dola alikuwa Mheshimiwa Dokta Makorongo, mtu mwenye kitambi cha heshima na sauti inayotangulia kuingia chumbani kabla yake. Akasimama, akaeleza kwamba kirungu cha mgambo kilikuwa kinajipitia njia yake, na mkono wa mama huyu ndio uliokigonga. Akadai kirungu kiombwe radhi.

Sasa, Jaji Kilongola alikuwa mgeni kwenye kiti. Hakuna aliyemweleza taratibu. Masikini ya Mungu, akasikiliza ushahidi! Akautazama mkono, akautazama mfupa ulivyoshikana upande, akasema Bi. Somoe ameonewa na Dola imekosa.

Mahakama nzima ilishikwa na butwaa. Hata Wakili Mwantumu alikaa chini taratibu kama mtu aliyeambiwa ameokota mtoto wa mfalme. Dola kukosa? Yaani Dola hii hii? Nilijisikia vibaya sana kwa niaba ya Dola.

*

Dokta Makorongo alipotea kwa muda, wakasema amekwenda kijijini kwao kutafakari. Kumbe kule kulikuwa na msiba, na kwenye msiba akawaona watani.

Ninyi mnaujua utani, sina haja ya kuwafundisha. Kabila na kabila lake la utani: mtani wako anakuja kwako, anamchukua kuku wako, anakwambia una sura ya kinu, nawe unacheka. Ukikasirika, aibu ni yako. Hata kwenye maziko mtani ana ruhusa zake. Atamwigiza marehemu, atalia machozi ya uongo, ataingia kaburini alale, aseme hatoki mpaka apewe chake. Na anapewa, maana mila ni mila.

Makorongo akarudi mjini macho yanang'aa. Shauri lililofuata lilikuwa la vijana waliopigwa wakiwa kwenye foleni ya maji, na Wakili Mwantumu alikuja na madaktari, picha na majeraha yenyewe.

"Mheshimiwa Jaji!" alinguruma Makorongo. "Dola haikuwapiga vijana hawa. Hasha! Dola iliwatania! Tangu enzi na enzi, tangu kabla ya jua kupewa ratiba, Dola na wananchi ni watani wa jadi. Je, mtani hushitakiwa? Je, tumefikia mahali ambapo mapenzi yanaitwa kipigo?"

Jaji Kilongola, ambaye safari hii alikuwa ameshaelekezwa, alitikisa kichwa kwa uchungu. "Sheria ni msumeno," akasema, "hukata mbele na nyuma." Akafuta shauri.

Bunge likakaa haraka likapitisha Sheria ya Utani wa Taifa. Dola na wananchi ni watani. Lolote litakalofanywa na Dola kwa mwananchi ni utani, na mwananchi atakayekasirika ametenda kosa la kununa hadharani. Wakaajiriwa askari wa nyuso. Walizunguka sokoni na vituoni wakikagua mashavu, na mwenye midomo iliyoshuka alipelekwa kituoni kunyanyuliwa. Wazee waliozaliwa na sura za huzuni walipewa barua za msamaha, mradi watembee nazo.

Nami sikusahaulika. Niliondolewa mlangoni nikapandishwa cheo kuwa Mcheko Mkuu wa Mahakama. Kazi yangu ilikuwa kucheka kila Dola imalizapo kusema, ili kuwaongoza wananchi ambao hawakuona upesi kichekesho kiko wapi. Nilikuwa na cheko la kawaida na cheko la kitaifa. Hilo la kitaifa huchekwa ukiwa umesimama, mkono tumboni. Msinibeze, jaribuni ninyi kucheka mashtaka ya mauaji asubuhi na mapema, kabla ya chai.

*

Tangu hapo Wakili Mwantumu akawa mtu wa kushindwa. Alishindwa kwa juhudi, kwa nidhamu, bila kupumzika. Wakazi wa Mabondeni walibomolewa nyumba wakiwa wamelala ndani. Makorongo akasema, "Tuliwatania. Walifumbua macho wakakuta kuta zimeondoka. Nani asingecheka?" Nikacheka. Wavuvi wa ziwani walinyang'anywa nyavu, zikaonekana golini kwenye uwanja wa mpira wa Mtukufu. Utani huo. Nikacheka. Mwandishi wa gazeti aling'olewa kucha, nikacheka, ingawa hiyo siku nilimeza mate kwanza.

Wakili Mwantumu alinipitia pale kwenye korido akifuta miwani.

"Kaka Mshamu, umecheka nini?"

"Nimecheka sheria, dada wakili."

"Na ukifika nyumbani, mkeo akikuuliza?"

"Nyumbani sicheki, dada. Nyumbani nimepumzika."

Akanitazama. Sikupenda alivyonitazama. Mtu mwenye miwani ya uzi ana haki gani ya kumhurumia Mcheko Mkuu?

Wenzake walimsihi aachane na ujinga. Makorongo mwenyewe alimwita pembeni akamwambia, "Mwanangu, una kichwa kizuri unakipigisha ukutani. Njoo Serikalini. Tutakupa gari." Akajibu, "Shikamoo, mzee. Ukuta nao utachoka." Watu wa haki za raia ndivyo walivyo, hawana adabu hata wanapoamkia.

*

Kisha likaja shauri la Mwalimu Ngatunga.

Mwalimu huyu alifundisha shule ya msingi kando ya Mto Kilewa, mpakani kabisa. Ng'ambo ni nchi jirani. Mtukufu Mlezi alikuwa amekwenda kuzindua daraja mtoni hapo, Daraja la Mtukufu. Ilikuwa sherehe kubwa. Utepe ulikuwepo, mkasi ulikuwepo, bendi ya polisi ilikuwepo, ngoma kutoka mikoa yote. Kilichokosekana ni daraja. Lakini hilo lilikuwa jambo la kiufundi, na aliyekabidhiwa ujenzi, Mjomba wa Mtukufu, aliahidi lingefuata.

Kesho yake Mwalimu Ngatunga aliwatoa wanafunzi nje kwa somo la sanaa. Akawaambia, "Choreni mnachokiona." Watoto wakachora mto. Wakachora utepe uliokatwa unaning'inia kwenye vijiti viwili. Wakachora na ng'ombe. Mkaguzi wa elimu alipopita akaziona picha ukutani, akashika moyo, akapiga simu.

Mwalimu alikamatwa kwa kosa la kutoona daraja kwa makusudi. Hakufunguliwa kesi, alichukuliwa tu, na haikujulikana yuko gereza gani. Mkewe, Bi. Havijawa, alizunguka na bakuli la uji mlango hadi mlango. Mlinzi mmoja wa gereza, labda kwa kusahau kazi yake, alimnong'oneza kwamba mwalimu yupo hai, ila anakohoa damu, na mvua zikianza hatazimaliza.

Wakili Mwantumu akaomba mahakama iamuru mwalimu aletwe. Bi. Havijawa aliketi mstari wa mbele, bakuli mapajani, akitabasamu kama sheria inavyotaka. Sijawahi kuona tabasamu baya kama lile. Meno yalikuwa nje, na machozi yanapita juu yake.

Makorongo akasimama. "Mheshimiwa Jaji, Mwalimu Ngatunga hajafungwa. Amefichwa! Mtani huficha kofia ya mtani wake, huficha kiatu chake. Sisi tumemficha mwalimu wao. Wamtafute!" Akanigeukia.

Nikacheka cheko la kitaifa. Mkono uligoma kushika tumbo, nikaushika kwa mkono mwingine.

Hapo Wakili Mwantumu akainuka taratibu. Hakupinga. Hakunukuu Katiba, ambayo kwa kweli tulikuwa tumemkataza asiinukuu kwa kuwa ilikuwa inanuna.

"Mheshimiwa Jaji," akasema kwa unyenyekevu, "ninaomba jambo moja tu liandikwe. Huu utani wa Dola, ni utani wa kweli wenye mila zake zote, au Dola inautumia nusunusu, kwa kuwa haina asili?"

Makorongo alivimba mpaka joho likapanda magotini. Dola haina asili? "Andika!" akapiga kelele. "Andika kwamba Dola ni mtani halisi, mtani wa damu, kwa mila zote, bila kupunguza hata moja, kwenye furaha na kwenye msiba! Na akasirikaye kwa utani, awe nani awe nani, amevunja sheria!"

"Imeandikwa," akasema Jaji. "Sheria ni msumeno."

Wakili Mwantumu akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue. Nikafurahi. Nilidhani hatimaye ameikubali sheria.

*

Haukupita muda mrefu, Mjomba wa Mtukufu akafa. Alikuwa mwenyekiti wa bodi ya chumvi, bodi ya viberiti, bodi ya maji na bodi ya madaraja, na inasemekana alikufa kwa kushiba. Taifa likaamriwa kulia, ingawa kwa tabasamu.

Kaburi lilichimbwa Bustani ya Mashujaa. Kaburi? Lilikuwa chumba! Marumaru chini, zulia jekundu juu ya marumaru, na kiyoyozi, kwa kuwa marehemu hakupenda joto. Walikuja marais wa nchi jirani, mabalozi, maaskofu na masheikh. Mimi nilipangwa jirani na jukwaa kuu, na Jaji Kilongola alikuwepo na joho lake. Jua lilikuwa kali, na wanajeshi waliobeba jeneza walikuwa wanayumba, maana Mjomba hata akiwa hai alihitaji viti viwili.

Askofu alipofikia "mavumbini utarudi," tukasikia kilio. Kilio cha ajabu, cha kuimba. Watu wakapisha. Akaja Wakili Mwantumu, uso umepakwa unga, amevaa koti kubwa la kiume lililojazwa mito tumboni, anatembea kwa mwendo wa marehemu kabisa. Nyuma yake Bi. Somoe na mkono wake uliopinda, watu wa Mabondeni, wavuvi, na Bi. Havijawa na bakuli.

"Jamani mjomba!" alilia Mwantumu. "Umekwenda na daraja letu! Umelificha wapi, mjomba? Hebu nitazame kama umelilalia!"

Akashuka kaburini, akatandika mkeka juu ya lile zulia, akalala chali.

"Sitoki!" akaita kutoka chini. "Mimi mtani wenu. Sitoki mpaka nipewe changu!"

Kamanda wa Polisi alichomoa kirungu. Askari wa nyuso, vijana wenye bidii wasioelewa siasa, wakamsogelea papo hapo. "Afande," wakamwambia kwa heshima, "umenuna." Kamanda ikabidi atabasamu na kirungu mkononi. Makorongo alikuwa anatetemeka mashavu akijaribu kuyanyanyua. Rais mmoja mgeni, mzee wa makamo mwenye kofia ya kufuma, akajipiga paja kwa furaha. "Mna watani wazuri huku! Kwetu mila hii imekufa."

Watu elfu na elfu wamekaza midomo. Hapo ndipo nilipokumbuka kiapo changu cha kazi: panapotokea utani wa kisheria, Mcheko Mkuu atacheka. Utani ulikuwa wa kisheria, Jaji mwenyewe ameandika. Mimi ni mtumishi wa umma. Nikasimama, nikashika tumbo, nikaachia cheko la kitaifa.

Bustani nzima ikalipuka. Watu walicheka miaka yao yote waliyokuwa wamechekeshwa kwa nguvu.

Mtukufu Mlezi akanong'ona bila kufungua meno, "Anataka nini? Mpeni noti." Noti zikarushwa kaburini. Zikarudi juu. Akapelekewa jogoo. Jogoo akarudi.

"Mimi si ombaomba!" akasema Mwantumu. "Mmenifichia mtu. Mwalimu Ngatunga. Mleteni, nitoke, mzike mzee wenu. Msipomleta, nimeshazoea hapa, kiyoyozi kinafanya kazi."

Jeneza likayumba. Mwanajeshi mmoja akaanguka kwa joto. Wageni wakaanza kutazama saa. Marehemu naye, kwa lile jua, alikuwa ameanza kutoa maoni yake. Mtukufu alimtazama Makorongo, na kwa tabasamu lile Makorongo angeona bora apigwe kofi.

Ving'ora vikaenda, ving'ora vikarudi. Akashushwa Mwalimu Ngatunga, mifupa na macho, amevishwa koti la suti juu ya sare ya gereza. Bi. Havijawa alimshika usoni kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kiti cha balozi fulani, akamnywesha uji palepale mbele ya mataifa. Mwalimu alipopata pumzi akauliza, "Daraja limekwisha kujengwa?" Hapo sikuhitajika kuongoza mtu yeyote.

*

Asubuhi yake Bunge lilifuta Sheria ya Utani, na ili mwalimu akamatwe tena, likatamka kwamba utani haukuwahi kuwepo tangu mwanzo. Cheo changu kikafutwa nacho. Nikarudishwa mlangoni.

Lakini mwalimu na mkewe walikuwa wameshavuka Mto Kilewa kwa miguu, maji ya kiunoni pale kwenye kivuko cha ng'ombe. Polisi waliwafuata kwa magari mpaka ukingoni, wakasimama. Wafanye nini? Kusema hawawezi kuvuka ni kusema hakuna daraja, na hilo ndilo kosa la mwalimu. Kamanda akaandika taarifa: "Tumevuka Daraja la Mtukufu, tumetafuta ng'ambo, hatukumwona."

Wakili Mwantumu alikuja mahakamani bado ana unga masikioni. "Mheshimiwa Jaji, kama utani haukuwepo, basi mteja wangu hakufichwa, alifungwa. Dola ithibitishe kosa lake. Naomba mahakama ihamie mtoni ikalione daraja." Nyuma yake Bi. Somoe, watu wa Mabondeni na wavuvi walikuwa wamejaa mpaka ngazini, kwa kuwa vipigo vyao navyo, kwa amri ya Bunge, vilikuwa vimerudi kuwa vipigo. Mzaha mzaha, hutumbua usaha.

Tukahamia mtoni, na bendera, na kiti cha Jaji. Utepe bado ulikuwepo, umepauka. Ng'ambo, Mwalimu Ngatunga alikuwa ameketi juu ya jiwe anaota jua, mkewe pembeni.

"Daraja hili hapa!" alinguruma Makorongo, akionesha maji.

"Basi tangulia, mzee," akasema Mwantumu.

"Heshima ni ya Mheshimiwa Jaji."

"Mahakama haitembei mbele ya wadaawa," akasema Jaji upesi. "Kamanda alishavuka. Atuoneshe."

Kamanda akanyoosha sare, akapiga saluti, akakanyaga daraja. Akazama mpaka magotini. "Ni imara, Mheshimiwa!" Mpaka kifuani. "Imara kabisa!" Kofia ikaondoka na maji, mkono wa saluti ukabaki juu. "Limejengwa kwa..." na maji yakamwingia mdomoni.

Hakuna aliyeweza kumwokoa. Makorongo alitazama juu, Jaji alitazama kucha zake, askari walisimama wima. Anayemwokoa mtu aliye darajani asizame, anatoa ushahidi. Ni Mwalimu Ngatunga, kwa mifupa ile ile na kikohozi kile kile, aliyeingia majini kutoka ng'ambo, akamshika kola, akamburuta mpaka kwenye jiwe lake. Bi. Havijawa akampiga mgongoni mpaka akatapika mto.

Jaji Kilongola alikuwa amekigeuza kiti chake kuelekea msituni. "Mahakama haikuona kitu," akasema. "Shauri linaahirishwa mpaka maji yapungue."

Wakili Mwantumu alivua miwani akaifuta, akanitazama mimi. Safari hii hakuniuliza nimecheka nini. Maana nilikuwa nimekaa chini kwenye tope, mkono tumboni, machozi yananitoka, cheo sina na mshahara wa kucheka umekatwa, nami nacheka bure.